William Holden: Nyota wa sinema aliyewapa bongo makao Mlima Kenya

WAGENI wanaocheza gofu katika hoteli ya Mount Kenya Safari Club, karibu na mji wa Nanyuki, huujua uzuri wa mahali hapo upesi. Lakini wengi hawamjui mtu aliyelipatia sifa duniani jumba hilo linalotazamana na mlima.

William Holden alizaliwa Aprili 17, 1918 katika jimbo la Illinois, Marekani, akaitwa William Beedle. Jina la Holden alilipata alipojiunga na ulimwengu wa sinema. Filamu ya Golden Boy ilimtoa gizani mnamo 1939, na uigizaji wake katika Stalag 17 ya 1953 ukamtunukia tuzo ya Oscar.

Jumba lenyewe lilijengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya tajiri wa Kimarekani, Rhoda Lewisohn, likaitwa Mawingu. Baadaye likageuzwa hoteli. Mwaka wa 1959, Holden na wenzake wawili, Ray Ryan na Carl Hirschmann, walilinunua na kulifanya klabu ya watu mashuhuri.

Hizo zilikuwa enzi ambapo matajiri wa ng'ambo walifunga safari kuja Kenya kuwinda. Holden naye aliipenda nchi hii, ila kadiri miaka ilivyosonga ndivyo alivyozidi kuona kwamba wanyama walioivutia dunia walikuwa wakiangamia. Mnamo 1967, yeye na Don Hunt walianzisha hifadhi ya wanyamapori kando ya klabu hiyo. Hapo ndipo bongo wa milimani, swara mkubwa wa msituni mwenye mistari myeupe ubavuni, alipoanza kuzalishwa ili kizazi chake kisikatike. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji miaka kumi baadaye, mnamo 1977.

Hata hivyo, Holden hakuwa malaika. Ulevi ulimwandama maisha yake yote. Mwaka wa 1966, akiendesha gari nchini Italia, alisababisha ajali iliyomuua mtu, akahukumiwa kifungo cha nje cha miezi minane. Pombe hiyo hiyo ndiyo iliyomkatiza uhai Novemba 1981: alianguka akiwa peke yake nyumbani kwake Santa Monica, akagonga kichwa na kuvuja damu hadi akafa. Mwili wake uligunduliwa siku kadhaa baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Mwigizaji Stefanie Powers, aliyekuwa mwandani wake, alisaidia kuunda wakfu wenye jina la Holden ili kazi isikome. Mnamo 2004, bongo 18 waliozaliwa Marekani waliletwa katika hifadhi hiyo, na mwaka wa 2022 baadhi ya wanyama wa kizazi chao wakaanza kurejeshwa msituni.

Bongo waliosalia katika misitu ya Kenya wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Holden alisifika kwa filamu na kwa jumba la kifahari, lakini huenda hifadhi iliyo jirani na uwanja wa gofu ndiyo itakayolidumisha jina lake.