Mfalme aliyezikwa na mikate

Dominika hii nakualika tumtazame mtoto mmoja wa Misri ya kale, aliyepewa karibu kila kitu ambacho dunia inaweza kumpa mtu, ila hakupewa miaka mingi.

Alipozaliwa aliitwa Tutankhaten, jina la kumheshimu Aten, mungu-jua. Farao Akhenaten, ambaye wataalamu wengi wanaamini ndiye baba yake, alikuwa ameiweka kando miungu mingine ili Aten aabudiwe. Yapata mwaka 1332 kabla ya Kristo, mtoto huyu akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, akakalishwa kwenye kiti cha enzi. Fikiria mtoto wako wa darasa la tatu! Wakubwa waliomzunguka, mzee Ay na jemadari Horemheb, ndio waliokuwa na nguvu. Katika utawala wake ibada ya mungu Amun ikarudishwa, na yeye mwenyewe akabadilishiwa jina, akawa Tutankhamun.

Usidhani maisha yake yalikuwa laini. Wataalamu waliochunguza mwili wake walitangaza mwaka 2010 kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa na kasoro, na kwamba alikuwa na vimelea vya malaria. Ndiyo, malaria hii hii tunayoijua sisi. Kaburini mwake zilikutwa fimbo zipatazo 130. Alimwoa Ankhesenamun, lakini hawakuacha mrithi. Alifariki akiwa na miaka kama 18 au 19. Ay akashika ufalme, kisha Horemheb, ambaye aliandika jina lake mwenyewe kwenye kazi nyingi za kijana yule. Orodha za wafalme zilizochongwa baadaye zikamruka kabisa.

Akalala bila kukumbukwa kwa zaidi ya miaka 3,000, katika kaburi dogo kwenye Bonde la Wafalme, ng'ambo ya mto Nile kutoka Luxor. Tarehe 4 Novemba 1922, wafanyakazi wa Mwingereza Howard Carter wakafukua ngazi ya kwanza. Ndani kulikuwa na vitu zaidi ya 5,000: magari ya farasi, vitanda, viatu, hata kiti alichokalia utotoni. Jeneza la ndani kabisa lilikuwa la dhahabu tupu, zaidi ya kilo 100. Aliwekewa pia mikate, nyama na mitungi ya mvinyo ili asione njaa huko aendako.

Mikate ile haikuliwa, mpendwa. Mvinyo ulikauka mitunginimo. Ndicho alichotuonya Yesu katika Injili ya Luka, kwa mfano wa tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi na usiku ule ule akaitwa.

Usiwacheke Wamisri. Katika upadre wangu nimezika watu wengi. Nakumbuka mama mmoja mjane niliyempelekea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Alilala kwenye godoro lililochakaa, na dawa zilikuwa zimemwishia. Wiki mbili baadaye nikamzika katika jeneza la bei kubwa, watoto wake wamevaa sare, mpiga picha za video akizunguka, mahema yamejaa. Nilihubiri vizuri siku ile, lakini neno lililopaswa kusemwa sikulisema. Najuta mpaka leo, ndiyo maana nakuandikia.

Kuzika wafu ni tendo la huruma, nasi Wakatoliki tunalithamini. Lakini kumtembelea mgonjwa na kumlisha mwenye njaa ni matendo ya huruma vilevile, na hayo hayangoji.

Katika kaburi lile kulikuwa na vijeneza viwili vidogo sana. Ndani yake mlikuwa na watoto wawili wa kike waliokufa kabla hawajaanza kuishi, inaaminika ni mabinti wa mfalme. Katika dhahabu yote ile, hapo ndipo ninapomwona baba kijana aliyependa na kulia kama wewe na mimi.

Basi leo, baada ya Misa, usiende moja kwa moja nyumbani. Pitia kwa yule mgonjwa wa jumuiya yenu, au mpigie simu mama yako. Mpelekee mkate wakati bado anaweza kuula.

Nakutakia Dominika njema.