Buster Keaton na Mkataba Uliomponza
Kila nitazamapo sinema za marehemu Buster Keaton, yule mcheshi wa Marekani asiyetabasamu, mimi huukumbuka mkataba wake. Alizaliwa Kansas mwaka wa 1895, akalelewa jukwaani na wazazi waigizaji. Mwenzake Harold Lloyd alizaliwa Nebraska mwaka wa 1893. Babake alihangaika na biashara zisizofaulu. Wote wawili walitia fora katika sinema zisizo na sauti. Lakini Lloyd alishikilia haki za filamu zake, akafa tajiri mwaka wa 1971. Keaton alijiunga na kampuni ya MGM mwaka wa 1928, akanyimwa uhuru wa kutunga, akazama ulevini, na mwaka wa 1933 akafutwa. Alienziwa tena kabla ya kufariki mwaka wa 1966. Wasanii, someni mkataba kabla ya kutia sahihi.