Seyyid Khalifa bin Harub na Mwisho wa Enzi ya Wafalme wa Unguja

Katika masultani waliokalia kiti cha Unguja hapana aliyedumu kama marehemu Seyyid Khalifa bin Harub, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alitawazwa tarehe 9 Desemba 1911, akafariki tarehe 9 Oktoba 1960, yaani miaka 49 kasoro miezi miwili. Aliyempita ni babu wa baba yake tu, Seyyid Said bin Sultan, naye sehemu kubwa ya miaka yake aliimaliza Maskati. Wazee wetu wa Mombasa, waliokuwa wakiiona bendera nyekundu ikipepea juu ya Ngome, walimjua Seyyid Khalifa kuwa ndiye mwenye nchi. Nchi hiyo lakini alikuwa nayo kwa jina.

Alizaliwa Maskati mwaka 1879. Babu yake, Seyyid Thuwaini bin Said, alitawala huko mpaka alipouawa mwaka 1866 na mwanawe wa kumzaa, akitaka kiti. Twalitaja hili kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba ufalme wa kurithiana huleta utulivu. Khalifa aliletwa Unguja mwaka 1893, akiwa kijana wa miaka 14 hivi, wakati ami yake Seyyid Hamad bin Thuwaini alipotawazwa.

Ufalme aliouona pale haukuwa tena ule wa Seyyid Said. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijenga Beit el Ajaib akawaletea watu wa mji maji safi, lakini akaishi kuona Wadachi na Waingereza wakigawana bara yake mbele ya macho yake. Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka uliofuata Balozi wao, Gerald Portal, akaitwaa hazina. Tangu siku hiyo Sultani akawa mtu wa kupewa posho maalumu, na fedha za dola zikashikwa na waziri wa Kiingereza. Mfalme asiyeshika hazina yake tumwite nani? Seyyid Khalid bin Barghash alijaribu kulijibu swali hilo kwa bunduki. Hamad alipofariki Agosti 1896, Khalid aliingia kasri pasipo ruhusa ya Waingereza, na tarehe 27 manowari zao zikalipiga kasri kwa muda usiotimia saa moja. Watu kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalifa alikuwa ametimiza miaka 17 wiki hiyo hiyo.

Aliyewekwa baada ya hapo, Seyyid Hamud bin Muhammed, ndiye baba wa Seyyida Matuka, aliyekuwa mke wa Khalifa. Kisha akaja Ali bin Hamud, ambaye hakuwapenda mabwana wake wala wao hawakumpenda. Mwaka 1911 akiwa Ulaya akajiuzulu, akafariki Paris mwaka 1918. Kiti kikamwangukia shemeji yake.

Seyyid Khalifa alikuwa mpole, mwenye haya na heshima, na raia wa kila kabila walimpenda. Hilo hatulipunguzi. Mwaka 1913 mambo ya Unguja yalihamishiwa Wizara ya Makoloni, na mwaka 1926 yakaundwa mabaraza mawili: la utendaji, ambalo Sultani alilikalia uenyekiti, na la kutunga sheria, lililoongozwa na Balozi. Sheria zilitoka kwa jina lake, na amri zilitoka kwa wengine. Kwa maoni yetu mapenzi ya raia yalikuwa pazia: nyuma yake Mwingereza alitawala bila ya kulaumiwa, na watu wakachelewa kuuliza nani aliyewapa watawala wao madaraka. Dini yetu ilianza kwa shauri. Katika makhalifa wanne wa mwanzo hapana hata mmoja aliyerithi kwa baba yake.

Swali lilipoulizwa, wakulima ndio walioliuliza. Julai 1951 watu wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa amri, wakapigana na askari. Kutoka katika wakulima hao ndiko kilikotokea, mwaka 1955, chama kilichojiita cha raia wa Sultani, ambacho baadaye kiliitwa Hizbu. Waliupinga ukoloni kwa jina la mfalme! Mwaka 1957 ulifanywa uchaguzi wa kwanza, wa viti 6, Hizbu isipate hata kimoja. Na pale Ng'ambo, Abeid Karume akamshinda Ali Muhsin. Seyyid Khalifa, naye karibu na miaka 80, aliona raia wake wakigawanyika kwa asili zao mpaka madukani na mazikoni.

Mwanawe Abdullah alitawala akiwa mgonjwa, akafariki tarehe 1 Julai 1963. Akafuata mjukuu, Jamshid. Oktoba ya mwaka huo ukanda wa pwani wa maili 10, uliokodishwa kwa Waingereza tangu 1895, ulitolewa kwa Kenya, kwa ahadi kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa. Sisi wa Munyaka, hapa Eldoret, tu mbali na ukanda huo kwa mamia ya maili, na hapana Sultani aliyetutawala. Hata hivyo kadhi yuko Eldoret leo, na katiba ya 2010 inamtambua.

Uhuru wa Unguja ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, mfalme akibaki mkuu wa dola. Katika uchaguzi wa Julai, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote na viti 13 tu kati ya 31. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 wapinduzi, wakiongozwa na John Okello, waliteka silaha za polisi. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, na hapana hoja ya siasa inayohalalisha damu ile. Baraza la Mapinduzi chini ya Karume liliwagawia wakulima eka tatu tatu. Lakini nalo lilitawala kwa amri, bila ya uchaguzi, na Karume mwenyewe akauawa tarehe 7 Aprili 1972. Wazanzibari hawakuchagua baraza lao tena mpaka 1980.

Jamshid alikimbia kwa meli iliyoitwa Seyyid Khalifa. Mombasa ilimkatalia kushuka, akapitia Dar es Salaam kwenda Uingereza, akaruhusiwa kurejea Oman mwaka 2020 tu, na huko akafariki Desemba 2024. Kasri la pwani la babu yake lilipewa jina la kasri la watu, likawa la serikali, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, vyombo vya wafalme vikiwa vimepangwa vyumbani.