Frida Kahlo: Karibu miaka 29 ya kuwa mgonjwa baada ya ajali ya basi

Jina la Frida Kahlo linapotajwa, wengi hukumbuka sura: nyusi zilizokutana, maua kichwani, gauni refu la Kimexico. Sura hiyo imechapishwa kwenye fulana, vikombe na mikoba kote duniani. Katika makala haya tunaiweka kando kidogo na kumtazama mchoraji huyo kama mgonjwa, maana tangu akiwa na umri wa miaka 18 hadi kifo chake hakuwahi kuachana na madaktari kwa muda mrefu. Tunataka hasa kuangalia mwezi mmoja aliokaa wodini mwaka 1925, na jambo moja ambalo halikufanyika katika mwezi huo.

Frida alizaliwa Julai 6, 1907, Coyoacán, wakati huo kiunga cha Mji wa Mexico, katika nyumba ambayo baadaye ilijulikana kama Nyumba ya Bluu. Baba yake, Guillermo Kahlo, alikuwa mpiga picha aliyehamia kutoka Ujerumani. Mama yake, Matilde Calderón, alikuwa Mkatoliki mwenye kushika sana dini. Akiwa na miaka 6 Frida aliugua polio, na mguu wake wa kulia ukabaki mwembamba kuliko wa kushoto. Watoto wenzake walimtania kwa ajili ya mguu huo.

Kabla hajawa mgonjwa wa kudumu, Frida alikuwa muuguzi mdogo. Baba yake alikuwa na kifafa, na walipotoka pamoja kwenda kupiga picha, kazi ya binti ilikuwa kumhudumia baba akianguka barabarani, na papo hapo kuilinda kamera isiibiwe. Pengine ndiyo sababu alitaka kusomea udaktari. Mwaka 1922 alijiunga na Shule ya Taifa ya Maandalizi, iliyowaandaa vijana kwa chuo kikuu. Wasichana walikuwa 35 tu kati ya wanafunzi karibu 2,000.

Alasiri ya Septemba 17, 1925, Frida na rafiki yake wa kiume, Alejandro Gómez Arias, walikuwa wanarudi nyumbani Coyoacán. Walipanda basi moja, kisha wakashuka kwa sababu Frida alikuwa amepoteza mwavuli. Basi walilolipanda baadaye lilikuwa na bodi ya mbao na mabenchi marefu ya pembeni. Karibu na soko la San Juan dereva alijaribu kupita mbele ya tramu, yaani treni ya umeme ya mjini. Tramu haikuwa na mwendo mkali, lakini ililibana basi polepole hadi likapasuka. Watu kadhaa walikufa.

Bomba la chuma la kushikia abiria lilimchoma Frida na kupenya eneo la nyonga. Gómez Arias alisimulia baadaye kwamba mtu mmoja aliyekuwa hapo alimwekea Frida goti mwilini na kulivuta bomba hilo nje kwa mikono yake. Leo mtu yeyote aliyepata mafunzo ya huduma ya kwanza angekataza jambo hilo, kwa sababu kitu kilichochoma mwili huachwa mahali pake hadi mgonjwa afike kwa daktari wa upasuaji. Gari la wagonjwa lilipofika, kwa simulizi ya kijana huyo, ilibidi awabembeleze wahudumu, kwani walimwona Frida kama mtu asiyeweza kuokolewa.

Alipelekwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika sehemu tatu upande wa kiunoni, na nyonga sehemu tatu. Mtulinga ulivunjika, mbavu mbili pia. Mguu wa kulia, ule ule wa polio, ulikuwa na mivunjiko 11, na unyayo wake ulisagika. Bega la kushoto lilitoka mahali pake. Orodha hii ndiyo inayotajwa na waandishi wengi wa maisha yake, na inatokana kwa sehemu kubwa na maelezo ya madaktari waliomtibu baadaye. Neno hilo, baadaye, tutalirudia hivi punde.

Kwa mwezi mzima alilala chali, amefungwa plasta na kuwekwa ndani ya kitu kama sanduku ili asijigeuze. Wodi ilikuwa mbovu na yenye kiza. Kwa maelezo yake mwenyewe, muuguzi mmoja alihudumia wagonjwa 25. Yeyote aliyewahi kulazwa au kumuuguza ndugu katika wodi ya namna hiyo anajua kwamba hapo maisha ya mgonjwa hutegemea pia nani anakuja kumwona.

Na aliyekuja hakuwa yule aliyetarajiwa. Mama alipatwa na mshtuko kiasi cha kushindwa kusema. Baba aliugua kwa huzuni, na Frida alimwona baada ya siku 20. Aliyefika kila siku ni dada yake mkubwa, Matilde, ambaye miaka mingi kabla alikuwa ametoroka nyumbani na mchumba wake. Frida, akiwa mtoto wa miaka 7, ndiye aliyemsaidia kutoroka. Mama hakuwa amemsamehe bado. Matilde alizisoma habari za ajali gazetini, akaja hospitali na hakuondoka tena. Aliwachekesha wagonjwa na kumsaidia muuguzi kuhudumia wodi nzima.

Katikati ya Oktoba Frida aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa wakati ule lilionekana jambo la kushangaza: msichana aliyekatiwa tamaa barabarani, ndani ya mwezi mmoja yuko kitandani kwake, na kufikia mwisho wa mwaka anatembea. Madaktari wa Msalaba Mwekundu wanastahili sifa kwa hilo, hasa ukikumbuka kwamba dawa za antibayotiki zilikuwa bado hazijapatikana na jeraha la nyonga lingeweza kumuua kwa uambukizi.

Lakini hakuna aliyeuchunguza vizuri mgongo wake. Mwaka 1926 maumivu yalirudi kwa nguvu, na ndipo daktari mwingine alipogundua kwamba pingili tatu za uti wa mgongo hazikuwa mahali pake. Frida alilalamika kwamba hawakumjali na hata hawakumpiga picha za eksirei. Mashine za eksirei zilikuwepo duniani kwa miaka 30 wakati huo. Kilichokosekana mara nyingi kilikuwa fedha. Baba yake alikuwa amepoteza kazi za serikali tangu mapinduzi ya Mexico, nyumba ilikuwa imewekwa rehani, na barua za Frida za miaka hiyo zinarudia habari ya matibabu yasiyolipika. Hatuwezi kusema kwamba picha moja ya eksirei ingembadilishia maisha yote. Tunachoweza kusema ni kwamba mgongo uliovunjika ulianza kujiunga vibaya, na kwamba mifupa haingoji familia ipate pesa.

Alifungwa plasta ya kiwiliwili kizima, vazi gumu linaloitwa koseti, na kulazwa tena kwa miezi. Udaktari ukawa ndoto iliyopita. Mama yake alimwita fundi seremala atengeneze kibao cha kuchorea kinachoweza kutumiwa na mtu aliyelala, na juu ya kitanda, kwenye besera, kikafungwa kioo. Baba akatoa sanduku lake la rangi. Kwa kuwa sura iliyokuwa mbele yake saa zote ni ya kwake mwenyewe, ndiyo aliyoichora. Picha yake ya kwanza muhimu, akiwa amevaa gauni la mahameli, ni ya mwaka 1926 na aliichora kwa ajili ya Alejandro.

Agosti 1929 aliolewa na mchoraji maarufu Diego Rivera. Ndoa hiyo, pamoja na vituko vyake vyote, imeandikwa sana na hatutaisimulia hapa. Kwa upande wa afya ilileta mambo mawili: fedha za matibabu, na safari za Marekani. Mwaka 1930, mjini San Francisco, alikutana na daktari wa upasuaji Leo Eloesser, aliyebaki rafiki na mshauri wake. Eloesser aliona kwamba uti wa mgongo wa Frida ulikuwa pia na kasoro ya kuzaliwa nayo, yaani ulipinda. Kwa hiyo si kila maumivu yalitokana na basi.

Mwaka 1932 wakiwa Detroit, Frida alipata mimba. Alimwandikia Eloesser kuomba ushauri, kwa kuwa aliogopa kwamba nyonga iliyovunjika isingeweza kuhimili. Mapema Julai mimba iliharibika, akalazwa siku 13 katika hospitali ya Henry Ford. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya tiba vyenye michoro ili aweze kuchora kwa usahihi kilichomtokea. Madaktari walikataa, na ni Rivera aliyemletea kitabu. Kutokana na siku hizo alichora picha inayobeba jina la hospitali hiyo: mwanamke uchi kwenye kitanda kilichojaa damu, na utepe mwekundu ukimuunganisha na kichanga, konokono, mfupa wa nyonga na vitu vingine. Kwa maoni yetu, ukitaka kujua mgonjwa anaona nini wakati daktari anaandika faili, anza na picha hiyo.

Miaka ya 1940 mgongo ulizidi kumsumbua. Mwaka 1944 alivaa koseti ya chuma na kujichora akiwa amepasuliwa katikati, nguzo iliyovunjika ikiwa mahali pa uti wa mgongo na misumari ikiwa imemchoma mwili mzima. Mwaka 1946 alifanyiwa upasuaji mkubwa New York. Pingili zake ziliunganishwa kwa mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga na kipande cha chuma. Alipewa mofini kwa wingi, na tangu hapo dawa kali za maumivu hazikumwachia.

Je, upasuaji wote huo ulihitajika? Idadi inayotajwa sana ni karibu mara 30 maishani mwake. Eloesser mwenyewe inasemekana aliona kwamba mara nyingi haukuwa wa lazima. Wapo wanaodhani Frida aliutafuta, kwa sababu akiwa mgonjwa Rivera alikuwa karibu naye. Sisi tunaona maelezo hayo yanamwonea kidogo. Mtu mwenye maumivu ya miaka 20, akiambiwa na mtaalamu kwamba safari hii itafaulu, hana njia nyepesi ya kukataa.

Mwaka 1950 alikaa karibu mwaka mzima katika hospitali ya Waingereza mjini Mexico, chini ya daktari Juan Farill. Kidonda cha mgongoni kilipata usaha, akafanyiwa upasuaji tena na tena. Rivera alichukua chumba cha jirani. Frida alipamba chumba chake, akapokea wageni, akachora hata juu ya plasta aliyofungwa. Alipotoka alijichora akiwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya picha ya Farill, akiwa ameshika moyo mahali pa kibao cha rangi.

Aprili 1953 yalifanyika maonyesho makubwa ya kazi zake nchini mwake. Madaktari walimkataza kuinuka. Kitanda chake kikatangulizwa ukumbini, naye akafika kwa gari la wagonjwa na kuwapokea wageni akiwa amelala. Miezi minne baadaye mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya gangrini. Ulikuwa mguu wa polio na wa mivunjiko 11. Frida alifariki Julai 13, 1954, akiwa na miaka 47. Cheti kilitaja damu kuganda na kuziba mapafuni, ingawa baadhi ya watu wa karibu walishuku kwamba alizidisha dawa.

Nyumba ya Bluu ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1958, lakini Rivera alikuwa ameagiza baadhi ya vitu vya mkewe vifungiwe. Vilikaa bafuni hadi mwaka 2004. Mlango ulipofunguliwa, humo zilikuwemo nguo zake, koseti, magongo, dawa, na mguu wa bandia uliovishwa kiatu chekundu.