ROBERT FELKIN NA POMBE YA NDIZI

Robert Felkin alizaliwa Uingereza mwaka 1853. Alipokuwa bado anasomea udaktari alikuja Uganda na wamisionari, na mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, akashuhudia mganga akimpasua mama wa miaka 20 hivi aliyeshindwa kujifungua.

Mama yule alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu, akafungwa kitandani. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaosha na tumbo. Damu aliizuia kwa chuma cha moto, na kidonda akakibana kwa misumari 7. Jamani! Mtoto alitoka hai, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Sisi wa Idsowe tuna ndizi tele kando ya Mto Tana, lakini msijaribu! Siku hizi anayepasuliwa hukaa na tumbo tupu, maana akitapika usingizini matapishi yaweza kuingia mapafuni. Shangazi yangu alinyimwa hata chai, akanuna kutwa nzima.

Felkin aliitoa habari hiyo mwaka 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh, mji ule ule ambako klorofomu ilianza kutumiwa kwa akina mama wanaojifungua mwaka 1847. Jina la mganga hakuliandika. Felkin alifariki Nyuzilandi mwaka 1926.