Herbert Stoddard

Herbert L. Stoddard (aliyezaliwa 1889) alikuwa mtaalamu wa ndege na wanyamapori kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya kware, na kwa kutetea uchomaji wa misitu kwa utaratibu wakati serikali ya nchi yake ilipokuwa ikiupiga vita.

Maisha ya awali

Alizaliwa Rockford, katika jimbo la Illinois. Akiwa mtoto mdogo familia yake ilihamia Florida ya kati, ikaishi huko miaka kadhaa kabla ya kurudi kaskazini. Huko Florida aliwaona wafugaji wa ng'ombe wakichoma nyasi za msituni ili majani mabichi yachipue, jambo ambalo halitamshangaza msomaji aliyekulia kati ya wafugaji wa Afrika Mashariki. Aliacha shule mapema na hakusoma chuo kikuu. Alipata riziki kwa kutengeneza ngozi za ndege na wanyama kwa ajili ya maonyesho katika majumba ya makumbusho ya Milwaukee na Chicago.

Utafiti wa kware

Mwaka 1924 aliajiriwa kuchunguza kware aina ya bobwhite (Colinus virginianus) katika eneo la Thomasville, Georgia, na Tallahassee, Florida. Matajiri waliomiliki mashamba ya uwindaji huko waliona ndege hao wanapungua, wakachangia gharama za utafiti.

Stoddard aligundua kwamba tatizo mojawapo lilikuwa kukosekana kwa moto. Moto ukizuiwa, nyasi kavu hurundikana mpaka vifaranga hawawezi kupita, na mimea ya jamii ya kunde, ambayo mbegu zake huliwa na kware, hufifia.

Msitu unaohitaji moto

Ili kuelewa hoja yake ni lazima kuujua msonobari wa majani marefu (Pinus palustris). Misitu yake ilienea zamani kutoka Virginia hadi Texas. Mbegu zake huota vizuri kwenye udongo ulio wazi. Mche hukaa miaka kadhaa ukifanana na shungi la nyasi, ukikuza mzizi chini, huku majani yake yakikinga chipukizi lisiungue. Kisha hurefuka haraka.

Mabadiliko huonekana wazi zaidi sehemu tambarare zenye maji. Pale panapoungua kila baada ya miaka michache, chini ya misonobari hukua nyasi za Aristida, okidi na mimea inayonasa wadudu ya jenasi Sarracenia. Moto ukikatazwa, vichaka vya Ilex glabra na Cyrilla racemiflora huenea, kivuli huongezeka, na mimea hiyo midogo hutoweka moja baada ya nyingine. Kwa macho msitu huonekana wa kijani na mnene, kwa hiyo mtu asiyeufahamu anaweza kudhani umestawi.

Mgogoro kuhusu moto

Idara ya misitu ya Marekani iliuhesabu moto wote kuwa adui. Stoddard alipoandika sura juu ya moto katika kitabu chake kuhusu kware, alilazimika kuiandika upya mara kadhaa na kulegeza maneno kabla ya kitabu kuchapishwa mwaka 1931. Hata hivyo kilisomwa sana, na Aldo Leopold, mwanzilishi wa elimu ya usimamizi wa wanyamapori nchini humo, alikuwa rafiki yake.

Stoddard mwenyewe alipendelea kuchoma mwishoni mwa majira ya baridi ili kulinda viota. Hapo hakuona kila kitu: moto wa radi huwaka zaidi kuanzia mwisho wa majira ya kuchipua hadi kiangazi, na wataalamu wa mimea waliofuata walionyesha kwamba nyasi za Aristida huchanua vizuri baada ya moto wa wakati huo.

Miaka ya mwisho

Aliishi katika shamba lake la Sherwood, Georgia, akiwashauri wenye mashamba namna ya kuvuna miti michache michache bila kuumaliza msitu. Leon Neel alijifunza kazi hiyo kwake na kuiendeleza. Mwaka 1958 Stoddard, Henry Beadel na ndugu wawili wa familia ya Komarek walianzisha kituo cha utafiti cha Tall Timbers karibu na Tallahassee, ambacho tangu 1962 kiliandaa mikutano ya wanasayansi kuhusu ikolojia ya moto. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1969.