Wilbur Wright: fundi baiskeli aliyekataa mizani ya kuazima

Ndege ya kutoka Kigali inaposhuka kuelekea Kamembe, wengi wetu tunaohesabu mizigo ya kuvusha Bukavu hatuinui hata macho. Watoto ndio hutazama. Kesho yake utawakuta wameunda ndege yao ya waya na maboksi. Wilbur Wright, mmoja wa ndugu wawili walioipa dunia ndege ya injini, alianza hivyo hivyo.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 karibu na Millville, jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake, Milton, alikuwa askofu ambaye safari hazikumwishia. Mwaka 1878 alirudi nyumbani na zawadi: kidude cha mwanzi, koki na karatasi, kilichoundwa kwa kufuata ubunifu wa Mfaransa Alphonse Pénaud. Ukisokota mpira wake na kukiachia, kinapaa hadi darini. Wilbur alikuwa na miaka 11, mdogo wake Orville 7. Kilipovunjika, waliunda vingine kwa mikono yao. Vidogo viliruka. Walipojaribu kuunda vikubwa, vikakataa. Hawakujua bado kwamba kidude kikiwa kikubwa mara mbili, kinadai nguvu mara nane.

Ujanani aligongwa usoni kwa fimbo wakati wa mchezo kwenye barafu, akapoteza meno, na mpango wa kwenda chuo kikuu ukafa. Alibaki nyumbani akimuuguza mama yake, mgonjwa wa kifua kikuu, aliyefariki mwaka 1889. Baadaye ndugu hao walifanya biashara ya uchapaji, na mwaka 1892 wakafungua duka la baiskeli mjini Dayton, jimbo la Ohio. Faida ya duka hilo ndiyo iliyolipia kila kitu kilichofuata. Hawakuwa na mfadhili.

Mwaka 1896 Mjerumani Otto Lilienthal, aliyekwisha kuruka mara nyingi kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka na kufa. Aliacha majedwali ya namba yanayoeleza bawa la umbo fulani hubeba uzito kiasi gani. Wilbur aliyachukua kama yalivyo. Mwaka 1899 aliunda tiara ya mabawa mawili, upana wa futi 5, kujaribu wazo lake la kupinda mabawa ili ndege igeuke bila kupinduka. Wazo lilifanya kazi. Lakini ndege kubwa isiyo na injini waliyoipeleka kwenye vilima vya mchanga vya Kitty Hawk mwaka 1901 ilibeba kama theluthi tu ya uzito ulioahidiwa na mahesabu.

Mchuuzi anaijua hali hiyo. Umenunua gunia kwa kilo zilizoandikwa, ukifika sokoni mizani inasema jingine. Sasa umlaumu nani: muuzaji, gunia, au mizani?

Wilbur aliamua kujitengenezea mizani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1901, ndugu hao waliunda sanduku la mbao lenye urefu wa futi 6, yaani mita 1.8 hivi, wakaweka feni upande mmoja. Ndani yake walisimamisha vibawa vidogo vya chuma chembamba, walivyovikata kwa mkasi wa bati na kuvigonga kwa nyundo hadi vikapata mkunjo waliotaka. Vifaa vya kupimia waliviunda kwa spoku za baiskeli na vipande vya msumeno. Walijaribu vibawa zaidi ya 150: virefu, vifupi, vilivyochongoka, vilivyopinda sana na vilivyopinda kidogo. Vingi vingeenea kiganjani, lakini kosa la nukta ndogo katika kimoja lingeweza kuwa mauti ya mtu juu ya kilima.

Ikaonekana Lilienthal hakuwa amekosea sana. Kosa kubwa lilikuwa katika namba nyingine ya shinikizo la hewa, iliyorithiwa tangu karne ya 18, ambayo wengi waliitumia bila kuipima.

Kwa namba zao wenyewe waliunda ndege ya mwaka 1902, nayo ikatii. Tarehe 17 Desemba 1903, kwa ndege nyingine yenye injini, Orville aliruka sekunde 12. Siku hiyo hiyo Wilbur aliruka sekunde 59, akaenda mita 260. Oktoba 1905 alikaa hewani dakika 39.

Kuuza ndiko kulikokuwa kugumu. Wilbur alikataa kuonyesha ndege kabla ya mkataba kutiwa saini, na kwa zaidi ya miaka miwili hawakuruka kabisa. Magazeti ya Ulaya yakawaita waongo. Hatimaye wakapata wanunuzi Marekani na Ufaransa. Ndege ilitumwa kwa meli ndani ya makreti, ikakaa bandarini Le Havre. Wilbur alipoyafungua Juni 1908 mjini Le Mans, alikuta mbao zimevunjika, kitambaa kimechanika, vifaa vimepondwa. Akamwandikia Orville barua kali kuhusu ufungaji mbaya. Baadaye ilijulikana kwamba Orville alifunga vizuri. Maofisa wa forodha ndio waliofungua na kurudisha vitu ovyo. Nadhani wasomaji wa gazeti hili hawahitaji maelezo zaidi hapo. Aliitengeneza wiki kadhaa, karibu peke yake, akaungua mkono kwa maji ya moto ya injini. Tarehe 8 Agosti 1908 aliruka chini ya dakika mbili mbele ya Wafaransa, na maneno ya uongo yakaisha.

Miaka iliyobaki aliitumia zaidi mahakamani, akitetea hataza yake ya mwaka 1906. Alikuwa na haki, ila kesi zilimla. Hakuoa. Alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, mjini Dayton, akiwa na miaka 45.

Baadhi ya vile vibawa vya chuma bado vipo, vimehifadhiwa Franklin Institute mjini Philadelphia.